Dishi la safarini halishiki: dalili, sababu na tiba kwa wanaotoka Dar na gari la kulala

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa sikukuu. Dishi lilikuwa linashika vizuri nyumbani Tabata, likapakiwa kwenye gari, likasimamishwa ufukweni Kigamboni au kambini Mikumi, na sasa skrini ni nyeusi. Mechi ya Simba na Yanga inakaribia, watoto wameanza kununa, na mwenye gari ameshaamua kwamba LNB, kile kichwa kidogo kilichokaa mbele ya dishi, imekufa. Mara nyingi haijafa. Kilichokosewa ni pembe, na pembe hukosewa kwa sababu mbili: stendi haikukaa wima, au maelekezo yaliyofuatwa yaliandikwa kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine.

Hilo la pili linapoteza muda wa watu wengi. Madishi mengi ya kubeba huja na vijitabu vya Ulaya, vinavyosema uelekeze kusini na kuonyesha dishi limesimama karibu wima. Satelaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa Ikweta, na Dar es Salaam iko digrii 6.8 kusini mwa mstari huo. Kwetu sisi ukigeukia kusini umezipa mgongo. Tena ziko juu sana angani, kiasi kwamba dishi lililotegwa sawasawa kwa DStv linaonekana kama limeanguka chali.

Namba za kuanzia

Azam TV inarushwa kutoka longitudo ya digrii 7 mashariki, DStv ya kwetu kutoka digrii 36 mashariki. Uelekeo ufuatao unasomwa kwenye dira kuanzia kaskazini kwa kuzunguka kulia. Mwinuko ni pembe kutoka upeo wa macho kwenda juu. Nimezikadiria kwa digrii nzima, maana hakuna stendi ya kambini itakayokupa usahihi zaidi ya huo.

Dar es Salaam: Azam uelekeo 281, mwinuko 52. DStv uelekeo 334, mwinuko 81.
Morogoro: Azam 281 na 53. DStv 346 na 82.
Dodoma: Azam 281 na 56. DStv 2 na 83.
Mbeya: Azam 287 na 58. DStv 16 na 79.
Arusha: Azam 276 na 55. DStv 349 na 86.
Mwanza: Azam 275 na 60. DStv 51 na 85.

Zitazame vizuri kabla hujashika spana. Kwa Azam, nchi nzima inatazama magharibi, juu kidogo upande wa kaskazini, na uelekeo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mwinuko. Kwa DStv mambo yamegeuka: mwinuko unabaki karibu ule ule, lakini uelekeo unaruka kutoka 334 Dar hadi 51 Mwanza, kwa sababu satelaiti iko karibu utosini na hatua chache za longitudo zinakuhamisha kutoka upande wake mmoja hadi mwingine. Anayesafiri na DStv akategemea alama aliyoweka Dar kwa rangi kwenye nguzo yake, Mwanza ataangalia upande mwingine kabisa.

Dalili ya kwanza: hakuna mawimbi kabisa, ubora ni sifuri

Hii ndiyo inayoleta maswali mengi. (Nguvu na ubora ni ile mistari miwili inayoonyeshwa na king'amuzi kwenye skrini.) Fuata mpangilio huu, usiruke.

Anza na waya, kwa sababu inachukua dakika moja. Umekazwa nyuma ya king'amuzi? Umeingia kwenye tundu la kuingizia mawimbi, si lile la kuyatoa? Umebanwa na mlango wa gari au kioo cha dirisha? Waya wa dishi ukibanwa, povu la ndani linasagika na waya wa katikati unasogea karibu na wavu wa nyaya za nje. Kwa nje unaonekana mzima. Kama unapitisha waya dirishani kila safari, nunua kile kipande bapa cha kupitia dirishani. Madukani Kariakoo vipo, na bei yake ni ndogo kuliko waya mpya.

Pili, stendi. Simamisha nguzo, kisha ipime kwa pima maji pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, mbele na ubavuni. Huna pima maji? Funga nati kwenye uzi, hiyo ni timazi tosha. Watu wanaidharau hatua hii, na ndiyo inayowaumiza. Nguzo ikiinama digrii tatu, namba ya mwinuko iliyoandikwa kwenye bati la dishi ni uongo wa digrii tatu. Dishi la sentimita 60 linaona duara la kama digrii tatu tu angani, la sentimita 90 kama digrii mbili. Umeshakosa kabla hujaanza kutafuta. Tena dishi likizungushwa kwenye nguzo iliyoinama, mwinuko unabadilika kila unapolisogeza, kwa hiyo unatafuta vitu viwili kwa wakati mmoja bila kujua.

Ufukweni Mjimwema au Bagamoyo kuna nyongeza: mchanga unashuka. Stendi iliyokuwa wima saa nane, saa kumi imezama mguu mmoja. Weka vipande vya ubao chini ya miguu, na uning'inize dumu la maji la lita 20 katikati ya stendi.

Tatu, mwinuko. Hapa wengi wanachanganywa na umbo la dishi. Madishi haya yenye LNB iliyokaa chini kidogo hayatazami pale uso wake unapoelekea. Yanatazama juu zaidi, kwa digrii 20 hadi 27 kutegemea kiwanda. Ndiyo maana kwa Azam ukiwa Dar, uso wa dishi unainama kutoka wima kwa kama digrii 29 tu ingawa mwinuko ni 52, na kwa DStv unalala kwa kama digrii 58. Kama bati lako lina kipimo kilichochorwa, kwa kawaida tofauti hiyo imeshahesabiwa; fuata kipimo. Kama halina, laza ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini wa dishi, weka simu yenye programu ya pima maji juu ya ubao, na utafute hizo digrii 29 au 58. Vibati vingine vya kufungia haviwezi kulaza dishi kiasi cha DStv. Vinagoma njiani. Usilazimishe kwa nyundo. Tafuta kibati kinachofika.

Nne, uelekeo. Dira ya simu ni nzuri ukisimama hatua kadhaa mbali na gari. Karibu na bodi ya chuma inaweza kukudanganya kwa digrii nyingi, na kava la simu lenye sumaku linafanya vivyo hivyo. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli huku kwetu ni ndogo, haitakusumbua. Simama mbali, chagua kitu kilicho kwenye uelekeo unaoutaka (mnazi, mnara wa simu, pembe ya nyumba), kisha rudi uelekeze dishi huko.

Sasa tafuta. Kwa Azam, funga mwinuko kwenye namba ya mji uliopo na zungusha dishi polepole kushoto na kulia. Kwa DStv ukiwa Dar, fanya kinyume: uelekeo uwe karibu na 334, kisha cheza na mwinuko, panda na kushuka kidogo kidogo. Satelaiti ikiwa juu hivyo, kosa la digrii kumi za uelekeo linakuhamisha angani digrii moja na nusu tu, lakini kosa la digrii tatu za mwinuko linakutoa nje kabisa.

Polepole maana yake ni polepole kweli. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kutambua mawimbi na kupandisha mstari wa ubora. Sogeza kwa upana wa kidole, ngoja, sogeza tena. Ule utaratibu wa baba kuzungusha dishi na mtoto kupiga kelele kutoka ndani ya gari, "Baba, imeshika! Basi, imeondoka!", unashindwa kwa sababu hii hii: sauti inafika wakati dishi limeshapita. Toa televisheni nje, au mpigie simu ya video aliye ndani aelekeze kamera kwenye skrini. Kifaa kidogo cha kutafutia mawimbi, ambacho mafundi wanakiita fainda, kinasaidia kuona kwamba kuna satelaiti, lakini zile za bei rahisi zinapiga mlio kwa satelaiti yoyote.

Tano, kizuizi. Kwa Azam, mti au jengo lililo upande wa magharibi linakuziba kama umbali wako kutoka kwake ni chini ya robo tatu na ushee ya kimo chake. Mwembe wa mita 10 unataka uwe mita 8 au zaidi kutoka ukingo wa matawi yake. Kwa DStv karibu kila kitu cha pembeni hakikuhusu. Shida ni kilicho juu ya kichwa, yaani tawi, turubai, au kile kivuli cha kukunjua cha gari lenyewe. Majani yanakata mawimbi, hata yakionekana yana mianya.

Baada ya hayo yote ndipo ushuku LNB. Njia ya haraka ni kuweka nyingine unayojua ni nzima. Msafiri wa mbali abebe moja ya akiba, haina uzito. Zima king'amuzi kwenye umeme kabla ya kufungua au kufunga waya, kila mara, kwa sababu waya huo unabeba umeme wa volti 13 hadi 18 kwenda kwenye LNB.

Ukifika hapa bado hakuna kitu, kagua dishi lenyewe. Madishi ya kubeba hupindika yakikandamizwa na mizigo. Funga nyuzi mbili zinazokatana katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Zikigusana, ukingo umekaa sawa. Zikiachana, dishi limejipinda. Mpindo mdogo unaweza kunyooshwa kwa mkono. Uliokunjika kwenye bati hauponi, na kulipiga nyundo ni kulimaliza.

Dalili ya pili: nguvu iko juu, ubora ni sifuri

Mstari wa nguvu unakuambia kwamba LNB inapata umeme na inapokea kelele fulani. Haukuambii kwamba umepata satelaiti yako. Usishangilie nguvu ya asilimia 80. Angalia ubora.

Sababu ya kwanza ni satelaiti jirani. Katika picha za vitabu vya Ulaya majirani wamepangwa kushoto na kulia. Dar, ukitazama upande wa Azam, wamesimama mmoja juu ya mwingine. Digrii 5 mashariki kuna SES-5, na kutoka Dar iko kwenye uelekeo wa 280, mwinuko karibu 49 na nusu. Yaani uelekeo ni ule ule na Azam, ila iko chini yake kwa digrii mbili na kidogo. Kwa hiyo ukikuta mawimbi yasiyoleta chaneli zako, usizungushe dishi pembeni. Panda juu kidogo. Kwa DStv majirani wako pembeni zaidi.

Sababu ya pili ni mzunguko wa LNB kwenye kishikio chake, na hapa ndipo hata mafundi wageni huanguka. Mawimbi yanakuja yakiwa ya wima na ya mlalo, na LNB lazima izungushwe ilingane nayo. Karibu na Ikweta, satelaiti iliyo mbali upande wa magharibi inaonekana imepinduka kwa karibu robo ya mzunguko. Kwa Azam ukiwa Dar, ule mzunguko ni kama digrii 77. Ukiiacha LNB kama inavyokaa kwenye picha ya boksi, waya ukitokea chini moja kwa moja, wima inakuwa mlalo na mlalo inakuwa wima, na king'amuzi kinaona nguvu bila ubora. Anza na LNB iliyolazwa pembeni kabisa, waya ukitokea ubavuni, kisha izungushe digrii kumi na kitu huku na huku ukitazama ubora, na uikaze pale ulipo juu kabisa.

Kwa DStv mzunguko unahama kadiri unavyosafiri, sambamba na uelekeo: kama digrii 26 Dar, karibu sifuri Dodoma, na Mwanza karibu digrii 51 upande wa pili. Mantiki yake ni nyepesi. Unapozungusha dishi linalotazama karibu utosini, LNB inazunguka nalo, ilhali satelaiti haizunguki. Unairudisha LNB kwa kiasi kile kile, kwenda kinyume.

Sababu ya tatu inawapata wageni wanaoingia kupitia Tunduma na vifaa vya Afrika Kusini. DStv ya kule inatumia satelaiti iliyo digrii 68.5 mashariki. Dishi lililowekewa alama kwa satelaiti hiyo lazima lielekezwe upya, na king'amuzi na akaunti viwe vya huku.

Dalili ya tatu: baadhi ya chaneli zipo, nyingine zinasema hakuna mawimbi

Kwanza soma ujumbe wenyewe. Kwenye DStv, E48-32 ni mawimbi. E16 ni mambo ya malipo ya kifurushi, na spana haihusiki. Nimeona watu wanafungua dishi kwa sababu ya E16.

Kama kweli ni mawimbi, zipo chaneli za wima na za mlalo. King'amuzi kinaiambia LNB ichague upi kwa kubadilisha volti: 13 kwa wima, 18 kwa mlalo. Waya mrefu, wa ndani ukiwa ni chuma kilichopakwa shaba badala ya shaba tupu, unakula volti njiani. Zile 18 zinafika pungufu, LNB inabaki kwenye wima, na nusu ya chaneli inatoweka. Jaribu kwa waya mfupi, hata wa mita tano. Zikirudi, umepata jibu: badilisha waya, ununue wa shaba.

Sababu nyingine ni masafa. LNB ya kawaida inagawa masafa mawili, ya chini na ya juu ya gigaherzi 11.7, na king'amuzi kinachagua kwa kutuma mlio wa kiloherzi 22 kwenye waya huo huo. Kigawanyio cha bei rahisi kilichowekwa katikati, au aina ya LNB iliyochaguliwa vibaya kwenye menyu, vinaua mlio huo. Ondoa vigawanyio vyote, unganisha moja kwa moja, kisha angalia menyu ya ufungaji.

Dalili ya nne: picha inaganda, inavunjika vipande, inarudi

Mvua kubwa ya masika itakata mawimbi hata ya dishi lililotegwa vizuri. Likikatika dakika kumi wakati wa mvua na kurudi, hakuna ugonjwa. Likikatika kwa manyunyu, pembe yako haikuwa katikati: ulikuwa ukingoni mwa mawimbi tangu mwanzo, na mvua imekufichulia. Rudi kwenye ubora, upandishe mpaka uanze kushuka pande zote mbili, kisha ukaze katikati ya hapo. Kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, maana nati moja ikikazwa kwa nguvu peke yake inavuta dishi.

Upepo: kusi likivuma Kigamboni dishi la sentimita 90 linakuwa tanga. Madumu ya maji, kama nilivyosema, au kamba tatu za kufunga chini. Kufunga stendi kwenye ngazi ya nyuma ya gari kunaonekana ni werevu, lakini kila anayepanda garini analitikisa, na picha inacheza.

Chumvi: hewa ya bahari inakula konekta. Fungua na uangalie kama kuna kutu ya kijani au unyevu. Kata sentimita chache za waya, weka konekta mpya, waya wa katikati utokeze milimita mbili hadi tatu, kisha funga kwa teipu ya mpira inayojishika yenyewe. Acha kitanzi kidogo cha waya chini ya LNB ili maji yadondoke hapo badala ya kuingia.

Kuna moja inayoshangaza watu mara mbili kwa mwaka. Karibu na Machi 20 na kuendelea siku chache, na tena siku chache kabla ya Septemba 23, jua linapita nyuma ya satelaiti moja kwa moja na kelele zake zinafunika mawimbi. Kwa DStv Dar hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Kwa Azam, karibu saa tisa alasiri. Inachukua dakika chache na inapita yenyewe. Usiguse dishi.

Dalili ya tano: king'amuzi kinajizima, kinajiwasha, au kinasema waya una shoti

Ujumbe wa shoti karibu kila mara ni unywele mmoja wa wavu wa nje wa waya uliogusa waya wa katikati ndani ya konekta. Chomoa waya nyuma ya king'amuzi. Ujumbe ukiondoka, shida iko njiani au kwenye LNB. Fungua upande wa LNB, chomeka tena king'amuzini, na utaona ni ipi kati ya hizo. Ujumbe ukibaki hata waya ukiwa umetolewa, king'amuzi ndicho kibovu, na hapo pamoja na dhamana yake kinakwenda kwa fundi. Usikifungue: ndani ya kifaa cha umeme wa nyumbani kapasita hubaki na chaji hata kikiwa hakijachomekwa.

Kikijizima na kujiwasha hasa friji inapoanza kufanya kazi, ni umeme wa gari. Betri imelemewa, volti zinashuka, na inveta nyingi hukata karibu na volti 10.5. Pima kwenye vituo vya betri wakati friji inaanza. Ving'amuzi vingi vya sasa vina adapta ya volti 12, na hapo watu hushawishika kuviunganisha moja kwa moja kwenye betri. Injini ikiwaka mfumo unapanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kidhibiti cha volti katikati, au endelea na inveta.

Dalili ya sita: dishi la kujitafutia lenyewe linazunguka bila kukoma

Yale madomu ya juu ya paa, yaani madishi yaliyofunikwa kwa kuba, yaliyoagizwa kutoka Ulaya yanakumbuka satelaiti za Ulaya. Kwanza angalia kama orodha yake ina digrii 7 au 36 mashariki. Kama haina, inabidi ipakiwe upya. Kisha soma kijitabu uone mwinuko wa juu kabisa linaoweza kufika. Kama kikomo kiko chini ya digrii 80, halitafika DStv kutoka popote katika miji niliyoorodhesha isipokuwa Mbeya, ambako ni 79, na hata huko ni pembezoni. Kwa Azam mengi yanaweza, ila mzunguko wa LNB wa karibu robo ni lazima uwe umewekwa, na domu lisilozungusha LNB lenyewe litasimama kwenye satelaiti sahihi bila kuleta picha. Kabla ya kulipa fundi alifungue, egesha gari mahali pa usawa. Mengi yanapima mwinuko kutokana na paa, na gari lililoegeshwa mteremkoni linalidanganya.

Wapi uache na umwite mtu

Nyaya za umeme zikipita juu ya eneo ulilosimamisha gari, hama kabla ya kuinua nguzo yoyote ya chuma. Hili halina mjadala wala fundi wa kukusaidia. Ukisikia radi, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi na uuache nje ya gari. Usiende kushika stendi.

Usipande paa la gari kutega dishi likiwa limelowa, au ukiwa peke yako. Kama dishi limefungwa juu na halifikiki kutoka ngazi ya chini, tafuta fundi mwenye ngazi yake.

Inveta au waya wake ukinuka plastiki inayoungua, au fyuzi moja ikikatika mara mbili kwa mfululizo, zima, toa fyuzi, na mwite fundi umeme wa magari. Si fundi dishi. Fyuzi kubwa zaidi mahali pa iliyokatika ni njia ya uhakika ya kuunguza gari.

Kutoboa paa kupitisha waya pia mpe anayejua miundo ya magari hayo: ndani ya paa hupita nyaya za taa na mara nyingine bomba la gesi ya jiko.

Na kwa fundi dishi, usimwite kabla hujampa taarifa tatu kwa simu: uko wapi, unatafuta satelaiti ipi, na mistari ya nguvu na ubora inasoma ngapi. Mzuri atakuuliza kwanza kama nguzo iko wima.